Ngome ya Hohenzollern: Ukoo Uliorudi Mlimani Kwake

Mlima wa Zollern si mrefu. Kilele chake, kusini mwa Ujerumani karibu na mji mdogo wa Hechingen, kiko mita 855 juu ya usawa wa bahari. Mkazi wa Dodoma hulala kila usiku juu zaidi ya hapo. Nguvu ya mlima huu ni upweke wake. Safu ya Schwäbische Alb imeishia nyuma yake, mbele yake kuna mashamba na vijiji, na wenyewe umejitenga na pande zote. Msafiri anayetoka Stuttgart, kilomita kama 50 kaskazini, huuona akiwa bado mbali sana: kwanza koni ya msitu, kisha kuta zilizopinda kufuata ukingo wa mwamba, na juu kabisa minara yenye vichwa vilivyochongoka.

Wageni zaidi ya 300,000 hupanda huko kila mwaka, na nadhani wengi wao hushuka wakiamini wameiona ngome ya karne za kati. Walichokiona ni jengo lililokamilika tarehe 3 Oktoba 1867, wakati Ulaya tayari ina reli na simu za waya. Ni ngome ya tatu kujengwa mahali hapo. Mbili za kwanza zilijengwa kwa hofu ya adui. Hii ya tatu ilijengwa kwa ajili ya nasaba, na waliolipa sehemu kubwa ya gharama ni tawi la ukoo ambalo lilikuwa limeuacha mlima huo zaidi ya miaka 600 nyuma.

Mlima wenyewe una kisa chake chini ya ardhi. Umekaa juu ya ufa wa kijiolojia, ndugu mdogo sana wa Bonde letu la Ufa. Kipande cha ardhi kilididimia kati ya mipasuko miwili, na kwa kuwa kilishuka, kikahifadhi kofia yake ya mawe magumu ya chokaa huku ardhi jirani iliyokuwa juu ikimomonyolewa na maji na baridi. Baada ya muda mrefu mambo yakapinduka: kilichozama ndicho kikabaki kilele. Msomaji aukumbuke ufa huo, maana haujamaliza kazi.

Jina la Zollern linaingia kwenye maandishi mwaka 1061. Berthold, mtawa wa Reichenau, aliandika kwa Kilatini kwamba Burkhard na Wezil wa Zollern wameuawa. Hakuongeza neno, wala la kusifu wala la kusikitika. Ukoo ambao ungekuja kutoa wafalme na makaisari unaanza historia yake kwa taarifa ya vifo viwili. Walikuwa mamwinyi wa kawaida wa Schwaben, wenye mlima, mashamba, wakulima wanaolipa kodi, na majirani wa kugombana nao.

Bahati ilikuja kwa ndoa. Mwinyi Friedrich wa Zollern alimwoa Sophia, binti wa liwali wa ngome ya kifalme ya Nürnberg, na mkwewe alipofariki bila mrithi wa kiume, cheo hicho kikamwangukia Friedrich. Hiyo ilikuwa 1192. Nürnberg ulikuwa mji wa biashara na wa kaisari. Mlima wa Zollern ulikuwa mlima. Katika kizazi kilichofuata ukoo ukagawanyika. Tawi moja likashika Nürnberg na nchi ya Frankonia, jingine likabaki Schwaben na ngome ya mababu.

Tangu hapo matawi mawili yalikwenda kwa kasi tofauti kabisa. Wale wa Frankonia walikopesha fedha, walipigana upande wa makaisari, wakajua kungoja. Mwaka 1415 Friedrich wa Nürnberg alipewa nchi ya Brandenburg na Mfalme Sigismund, na pamoja nayo nafasi miongoni mwa wakuu saba waliokuwa na haki ya kumchagua kaisari. Brandenburg ulikuwa mchanga na misonobari, lakini ndani yake mlikuwa na Berlin. Mwaka 1701 mzao wao alijivika taji la ufalme wa Prusia mjini Königsberg. Tarehe 18 Januari 1871, miaka 170 kamili baadaye, mwingine alitangazwa Kaisari wa Ujerumani katika kasri la Versailles, baada ya kuwashinda Wafaransa.

Waliobaki mlimani hawakufika huko. Walikuwa mamwinyi wadogo wa Hechingen na Sigmaringen, wakashikamana na Ukatoliki wakati ndugu zao wa Brandenburg wakigeukia Uprotestanti mwaka 1539. Hata hivyo mlima ulikuwa wao, nao ndio waliopata hasara zake zote.

Hasara ya kwanza waliileta wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 15 mwinyi Friedrich, aliyejulikana kama Öttinger, aligombana na nduguye Eitel Friedrich juu ya urithi. Öttinger alikuwa mtu wa shari. Aliwaudhi watu wa miji huru ya Schwaben, akamuudhi na Henriette, mama mtawala wa Württemberg, mwanamke ambaye haikuwa busara kumuudhi. Mwaka 1422 miji ilipeleka majeshi na kuuzingira mlima. Ngome ilistahimili miezi kama kumi. Tarehe 15 Mei 1423 ikaanguka, na washindi wakaibomoa hadi chini, kazi waliyoifanya kwa uangalifu kama mafundi waliolipwa. Sigismund akaamuru isijengwe tena. Mabaki yake yaliyosalimika ni machache mno. Vipande vya mawe ya kuchongwa vilivyomo leo katika kanisa dogo la Mtakatifu Mikaeli vinahesabiwa kuwa vya ngome hiyo ya kwanza.

Amri ya Sigismund ilidumu muda wa yeye kuwa hai, na zaidi kidogo. Mwaka 1454 mwinyi Jos Niklas, mwana wa yule ndugu aliyedhulumiwa, aliweka jiwe la msingi la ngome ya pili, kubwa na nene kuliko ya kwanza. Ndugu wa Brandenburg walimsaidia. Wakati huo mizinga ilikuwa imeanza kubadilisha vita, na ngome ya mlimani bado ilikuwa na jibu: mzinga mzito ni kazi kuupandisha mtelemko.

Jibu hilo halikutosha katika Vita vya Miaka 30. Askari wa Württemberg waliizingira ngome, na hawakuhangaika kubomoa kuta. Walikaa chini, wakafunga njia, wakangoja njaa ifanye kazi. Mwaka 1634, baada ya miezi kama tisa, walinzi walisalimu amri. Baadaye ngome iliingia chini ya himaya ya Waaustria, ambao walikuwa na jeshi la kuweka pale lakini hawakuwa na sababu ya kukarabati nyumba ya watu wengine. Wafaransa waliishika katika majira ya baridi ya 1744 na 1745. Kikosi cha mwisho cha Kiaustria kiliondoka mwaka 1798, na baada ya hapo mlima ukaachiwa mvua. Paa zikaingia ndani, watu wa vijijini wakachukua walichohitaji. Mwanzoni mwa karne ya 19 kilichokuwa bado kinastahili kuitwa jengo ni kile kikanisa cha Mikaeli.

Huko ndiko alikopanda, mwaka 1819, kijana wa miaka 23 aliyekuwa mrithi wa ufalme wa Prusia. Friedrich Wilhelm alitaka kuona mahali ambapo jina lake lilitoka. Alisimama juu ya ukuta uliobomoka jua likizama, na jioni ile haikumtoka. Mwaka 1844, akiwa mfalme tayari, aliandika kwamba kumbukumbu ile ilikuwa kwake kama ndoto nzuri, na kwamba sasa anataka kuiona nyumba ya mababu inakalika tena.

Friedrich Wilhelm IV alikuwa mtu wa namna hiyo. Alichora majengo kwenye pembe za karatasi za serikali. Alikarabati ngome ya Stolzenfels kando ya mto Rhein, na mwaka 1842 aliweka jiwe la kuendeleza ujenzi wa kanisa kuu la Köln, lililokuwa limesimama nusu kwa karne tatu. Alizipenda karne za kati kwa sababu, kwa jinsi alivyozifikiria, kila mtu alijua mahali pake na mfalme alipata kiti chake kwa Mungu. Zama zake zilikuwa zinasema jambo jingine. Mwaka 1848 wananchi waliweka vizuizi katika mitaa ya Berlin, na Aprili 1849 wabunge waliotoka Frankfurt walimletea taji la Ujerumani nzima. Alilikataa, kwa kuwa lilitolewa na watu. Mtu huyo ndiye aliyejenga Hohenzollern, na sioni namna ya kulielewa jengo bila kukumbuka taji alilolikataa.

Kwanza ilibidi ardhi ipatikane vizuri. Mapinduzi ya 1848 yaliwatikisa hata wale mamwinyi wadogo wa Schwaben; raia wa Hechingen walidai haki zao, na askari wa Prusia wakapelekwa kutuliza. Mwishoni mwa 1849 watawala wa Hechingen na Sigmaringen waliachia madaraka na kumkabidhi nchi ndugu yao mfalme. Hivyo Prusia, dola ya kaskazini, ikajikuta na kisiwa cha ardhi kusini kabisa, kimezungukwa na Württemberg na Baden. Agosti 1851 Friedrich Wilhelm alikuja mlimani kupokea kiapo cha utii cha raia wake wapya, katikati ya ujenzi. Tawi lililoondoka limerudi, na limerudi likiwa ndilo bwana.

Mpango wa jengo ulikuwa na mikono mitatu. Wa kwanza ni wa Rudolf von Stillfried, mtaalamu wa nasaba ambaye maisha yake yote yalikuwa hati za ukoo huo. Alizikusanya na kuzichapisha katika majuzuu mazito ya Monumenta Zollerana. Yeye ndiye aliyetia maana ndani ya kuta: nani achorwe wapi, ngao ya nani ikae juu ya mlango upi.

Wa pili ni wa msanifu, Friedrich August Stüler, mwanafunzi wa Schinkel na mjenzi wa Neues Museum ya Berlin. Stüler alichukua mtindo wa Kigothi, akachanganya ule wa Uingereza na wa makasri ya mto Loire ya Ufaransa, na akatoa kitu ambacho ngome halisi ya 1454 isingekitambua. Nyumba kuu imepinda kuzunguka ua, na kutoka kwake imeinuka minara inayopewa majina kama watu wa familia: wa Kaisari, wa Askofu, wa Mtawala wa Mpaka, wa Mikaeli. Ni mirefu na myembamba kuliko ilivyohitajika kwa mlinzi yeyote. Imepangwa ionekane kutoka bondeni, na ukiwa ndani ya ua unaona kwa urahisi kwamba nafasi ni finyu na kwamba sehemu kubwa ya utukufu iko nje.

Mkono wa tatu, na mimi ndio ninaoupenda kuliko yote, ni wa mwanajeshi. Moritz von Prittwitz alikuwa mhandisi aliyesimamia ujenzi wa ngome kubwa ya Ulm, mtu wa hesabu za mizinga na udongo. Mfalme alimtwika tatizo ambalo Stüler asingeweza kulitatua kwa kalamu ya urembo: kilele ni kidogo, mtelemko ni mkali, na lazima magari ya farasi yafike juu. Mahali pa kupitisha barabara ya kawaida hapakuwepo. Prittwitz akaizungusha barabara ndani ya ngome yenyewe. Unapita Lango la Tai, lenye daraja la kuinuliwa na sanamu ya mwinyi juu ya farasi. Kisha njia inaingia katika handaki la mawe, inatoka, inageuka, inapanda juu ya pale ilipopita, inageuka tena. Kila mgeuko unamweka mpandaji chini ya ukuta mwingine wenye matundu ya bunduki. Adui angepanda akizungukwa na kupigwa kutoka juu hatua zote. Askari wa Prusia waliwekwa humo kweli, ingawa kufikia 1867 mizinga ya chuma ya Krupp ilikuwa imeshazifanya kuta za mlimani kuwa mapambo. Kazi ya Prittwitz ndiyo sehemu pekee ya jengo isiyoigiza. Hata leo mgeni asiyejua chochote kuhusu Wajerumani huingia uani akiwa amezungushwa kiasi cha kupoteza kaskazini na kusini.

Juu ya Lango la Tai kuna maandishi yanayotaja Zollern, Nürnberg na Brandenburg kuwa zimeungana kujenga, pamoja na miaka miwili: 1454 na 1850. Kati ya miaka hiyo kulikuwa na njaa ya 1634, Waaustria, Wafaransa na paa zilizoanguka. Yote hayo yamemezwa na kistari kimoja.

Ndani, chumba cha kwanza kina mti wa nasaba uliochorwa ukutani, majina na ngao kutoka karne ya 11 kuendelea, matawi ya Schwaben na ya Prusia yakifumbatana. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anajua nguvu ya orodha ya namna hii. Masharifu wa Lamu na Pate hutunza shajara zao kwa uangalifu huohuo, na sababu hazitofautiani sana: anayetaja mababu wengi bila kukwama ndiye anayepewa nafasi ya mbele. Tofauti ni kwamba shajara ya karatasi huingia sandukuni. Hii ilihitaji mlima.

Baada ya hapo ni Ukumbi wa Mamwinyi, mkubwa kuliko vyumba vyote, wenye nguzo za marumaru nyekundu na dari ya matao yaliyopakwa rangi na dhahabu. Nuru ikiingia kwenye madirisha marefu, mtu anaweza kusahau kwamba fundi aliyenyanyua matao haya aliishi wakati mmoja na Karl Marx. Maktaba ina michoro ya ukutani ya Wilhelm Peters inayosimulia visa vya mlima. Kuna vyumba vya mfalme na vya malkia, vimepambwa kwa vitambaa na mbao. Vitanda vipo. Hakuna mfalme wa Prusia wala kaisari aliyewahi kuyafanya makao haya kuwa nyumbani kwake. Walikuja, wakala chakula cha jioni, wakatazama mandhari, wakarudi Berlin. Friedrich Wilhelm mwenyewe hakuiona ngome imekamilika. Alipatwa na maradhi ya ubongo, nduguye Wilhelm akashika hatamu, na Januari 1861 akafariki. Stüler naye alikufa 1865. Aliyefungua jengo mwaka 1867 ni huyo Wilhelm, askari aliyependa vita na utaratibu kuliko minara.

Ni Wilhelm huyohuyo ambaye sahihi yake ilifika kwetu. Tarehe 27 Februari 1885, akiwa Kaisari Wilhelm I, alitoa barua ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters juu ya nchi za Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami, kwa msingi wa mikataba ambayo Peters aliipata bara kwa wiki chache mwishoni mwa 1884. Mjukuu wake, Wilhelm II, alirithi kiti mwaka 1888, mwaka ambao pwani ya Mrima iliwaka moto chini ya Abushiri bin Salim. Sheikh Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliitungia utenzi vita hiyo, wakati habari zake bado za moto. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Na tangu 1890 sura ya Wilhelm II, akiwa na kofia ya chuma yenye tai, ilikuwa kwenye rupia zilizopita mikononi mwa wachukuzi na wauza samaki wa Bagamoyo na Dar es Salaam. Ukoo wa mlima wa Zollern uliingia mifukoni mwa watu ambao hawakuwahi kulisikia jina la Hechingen.

Mwaka huo wa 1889 ulikuwa na mengine mawili. Huko Berlin, Wilhelm II alitengenezewa taji jipya la dhahabu lenye almasi ndogo 142, kubwa 18, na lulu 8. Hakuwahi kuvishwa, kwa sababu hakukuwa na sherehe ya kumtawaza. Na tarehe 6 Oktoba Hans Meyer wa Leipzig, pamoja na Ludwig Purtscheller, alifika juu kabisa ya Kilimanjaro, akapaita Kaiser-Wilhelm-Spitze. Alivunja kipande cha jiwe la kileleni, akampelekea Kaisari, nalo likawekwa ukutani katika kasri la Neues Palais huko Potsdam, ndani ya ukumbi uliopambwa kwa makombe na madini. Ukoo uliochukua jina lake kutoka mlimani ukaupa mlima mwingine jina lake. Wilhelm hakukanyaga kamwe Afrika Mashariki. Kilele kilibaki na jina lake hadi uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961, mwenge ulipopandishwa kule na mahali pakaitwa Uhuru. Taji bado lipo: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia lilifichwa ndani ya ukuta wa kanisa la kijijini, na sasa limo kwenye kabati la kioo katika hazina ya Hohenzollern, ambako hutazamwa na watalii walioshika koni za aiskrimu.

Jirani yake katika hazina hiyo kuna vitu vya Friedrich Mkuu, yule mfalme wa karne ya 18 aliyependa filimbi na mbwa. Kuna koti lake la kijeshi, na kisanduku cha ugoro kinachosimuliwa kuwa kilizuia risasi isimuue katika vita ya Kunersdorf, 12 Agosti 1759, siku ambayo Warusi na Waaustria walilivunja jeshi lake. Lakini kwa muda wa miaka 39 ngome ilikuwa na kitu kikubwa kuliko koti lake. Ilikuwa naye mwenyewe.

Kisa ni hiki. Wilhelm II alipinduliwa Novemba 1918, akakimbilia Uholanzi, na alifia uhamishoni Doorn mwaka 1941. Ukoo ulibaki na mali nyingi, mlima ukiwemo, ila haukuwa na dola. Friedrich Mkuu na baba yake, Friedrich Wilhelm I, walikuwa wamelala katika Kanisa la Kambi la Potsdam, mahali ambapo Hitler alipatumia mwaka 1933 kujionyesha kuwa mrithi wa Prusia. Mabomu yalipokaribia, majeneza yalihamishwa, na mapema 1945 yakateremshwa kwenye mgodi wa chumvi wa Bernterode. Wamarekani waliofika hapo walikuta ukuta mpya, wakaubomoa, na nyuma yake wakakuta wafalme wawili. Waliwapeleka Marburg, wakazikwa kanisani.

Nyumbani kwao, Potsdam, sasa palikuwa mikononi mwa Wasovieti, na serikali ya Ujerumani Mashariki haikuwa na haja nao. Mwaka 1952 familia iliwahamishia Hohenzollern, katika kanisa dogo la Kiprotestanti. Mlima ulikuwa umeangukia ukanda wa Wafaransa, upande wa magharibi, na ghafla ile ndoto ya kijana wa 1819 ikapata matumizi ambayo yeye asingeyaota: ikawa ghala la ukoo uliopoteza kila kitu mashariki. Vitu vya sanaa na kumbukumbu vilikusanywa humo. Aliyekuwa mrithi wa taji, Wilhelm, mwana wa Wilhelm II, ambaye baada ya vita alikaa miezi kadhaa ngomeni kisha Hechingen, alikufa 1951 akazikwa mlimani. Mkewe Cecilie alimfuata 1954.

Tarehe 17 Agosti 1991, Ujerumani ikiwa imeungana tena, wafalme wawili walirudishwa Potsdam. Ilikuwa siku ya kutimia miaka 205 tangu Friedrich Mkuu afariki. Wosia wake ulitaka azikwe kwenye bustani ya Sanssouci kando ya mbwa wake, bila fahari. Warithi wake waliudharau kwa zaidi ya karne mbili, na wakautimiza nusu, kwa sababu Kansela Helmut Kohl alikuwepo na walinzi wa kijeshi pia. Baada ya siku hiyo kanisa la mlimani likabaki na nafasi tupu sakafuni.

Kuna makanisa matatu sasa. Lile la Mikaeli ni la Wakatoliki wa tawi la Schwaben, lile la Kiprotestanti ni la Prusia, na la tatu, dogo, ni la Kiothodoksi, lililotengwa kwa kumbukumbu ya Kira wa Urusi, mke wa Louis Ferdinand wa Prusia, aliyefariki 1967. Ukoo ulioachana kwa imani umemalizia kwa kusali chini ya paa moja, kila tawi na mlango wake.

Na ule ufa? Tarehe 3 Septemba 1978 asubuhi na mapema ardhi ya Schwäbische Alb ilitikisika kwa nguvu, kitovu kikiwa karibu na Albstadt. Ngome iliyojengwa kwa minara mirefu na myembamba juu ya mpasuko wa ardhi ilipata uharibifu mkubwa, na ukarabati uliendelea hadi katikati ya miaka ya 1990. Ngome ya zamani, nene na fupi, pengine ingeumia kidogo. Huo ndio mzaha wa Stüler: alijenga ili ionekane mbali, na tetemeko halijali mwonekano.

Gharama hizo zililipwa na wenye mali. Tofauti na makasri mengi ya Ujerumani, Hohenzollern haikuchukuliwa na serikali. Theluthi mbili ni za tawi la Prusia, ambalo mkuu wake leo ni Georg Friedrich, na theluthi moja ni ya tawi la Sigmaringen, mgao unaofuata makubaliano ya wakati wa ujenzi. Huko Berlin na Brandenburg jina la familia lilikuwa mahakamani kwa miaka, kwa madai ya mali zilizotaifishwa na Wasovieti, na swali lililowagawa wanahistoria lilikuwa kama yule Wilhelm aliyezikwa mlimani aliwasaidia Wanazi kiasi cha kuwanyima warithi wake haki ya kulipwa. Machi 2023 Georg Friedrich aliondoa madai hayo. Juu ya mlima hakukuwa na kesi. Huko mapato ni ya tiketi na matamasha, na tangu miaka ya 1950 mfuko wenye jina la Kira umekuwa ukiwaleta watoto wa familia maskini kupumzika ngomeni wakati wa likizo. Hao hukaa kwa siku kadhaa mfululizo, jambo ambalo karibu hakuna kaisari aliyelifanya.